Laki nne, watoto 12: tununue pampasi au tushone nepi?

"Sisi ni kikundi cha akina mama 15 hapa Makorora, Tanga. Tumechangishana tumepata shilingi 400,000 za kuwasaidia wazazi wenzetu wa mtaani wenye watoto wadogo. Wako 12, wengi wanauza mihogo na samaki au wanafua nguo za watu. Tumeona mama anamvalisha mtoto pampasi moja toka asubuhi mpaka magharibi, na mwingine anaianika kwenye kamba ikauke aitumie tena. Mtoto mmoja wa miezi mitano amebabuka mapajani, bibi yake anampaka poda na unga wa muhogo. Wapo wanaosema pampasi tuziache kabisa, zinaleta matege na zinaharibu uzazi wa watoto wa kiume. Dukani pampasi moja ni 600, ukichukua katoni inakuja kama 450. Je, tununue makatoni tugawe, au kuna njia nzuri zaidi?"

Dada zangu, swali lenu moja limebeba mengine matatu: mtoto aliyebabuka, fedha zenu, na maneno ya mtaani. Naanza na mtoto, maana fedha zinaweza kungoja mpaka kesho.

Poda na unga wa muhogo viachwe leo. Unga ukikutana na jasho na mkojo unakuwa ujiuji unaojibana kwenye mikunjo ya mapaja, kisha ukikauka unabaki chengachenga zinazomkwaruza mtoto kila akirusha mguu. Poda nayo hupaa hewani, naye huivuta puani. Aoshwe kwa maji matupu ya uvuguvugu bila sabuni ya manukato, akaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini, asisuguliwe. Alazwe juu ya kanga bila kuvalishwa kitu dakika 10 hadi 15, mara nne au tano kwa siku. Baada ya hapo apakwe krimu ya zinki oksaidi, na isipopatikana, mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Mpakeni nene, kiasi ngozi isionekane chini yake. Mkibadilisha, ondoeni choo kilichoshika juu tu. Krimu iliyobaki safi msiikwangue, maana kukwangua ndiko kunakotonesha kidonda.

Halafu tazameni mikunjo ya kinena. Muwasho wa kawaida wa nepi hushika pale nepi inapogusa, yaani matako na juu ya mapaja, huku ndani ya mikunjo kukiwa salama. Mkiona wekundu mkali umeingia mpaka ndani ya mikunjo, na pembeni vimetawanyika vipele vidogo kama visiwa, basi fangasi wameshahamia. Hapo zinki peke yake haitoshi, anahitaji krimu ya kuua fangasi kama klotrimazoli. Msikubali kuuziwa duka la dawa zile tyubu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Siku mbili za kwanza zitaonekana kama muujiza, lakini hulainisha na kukondesha ngozi ya mtoto, na chini ya nepi dawa hupenya zaidi kuliko mahali pengine.

Siku tatu zikipita bila nafuu, apelekwe zahanati au kituo cha afya. Asingoje hizo siku tatu akiwa na homa, malengelenge, usaha au damu, akiwa hajatimiza mwezi mmoja, au akikataa kunyonya. Na fangasi wanaorudi kila mara, pamoja na utando mweupe mdomoni na mstari wa uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki, ni sababu ya kumpima mtoto mwili mzima, si kununua tyubu ya tatu. Kwa sera ya nchi, watoto chini ya miaka mitano wamesamehewa kuchangia gharama katika vituo vya serikali. Wakumbusheni mama hao, maana wapo wanaokaa nyumbani kwa kuogopa bili.

Sasa kwa nini alibabuka? Wengi hudhani mkojo wenyewe unachoma. Mkojo mbichi hauna ukali wa kiasi hicho. Shida huanza ngozi inapokaa imelowa muda mrefu: inavimba, inakuwa laini kama vidole vya mtu aliyekaa majini, na hapo msuguano mdogo tu unaichubua. Kisha bakteria wa kwenye choo huvunja urea ya mkojo na kutoa amonia, ile harufu inayowasha macho ukifungua nepi ya asubuhi. Amonia huondoa uasidi kidogo wa ngozi, ambao ndio ngao yake, na papo hapo huvipa nguvu vimeng'enya vya choo vilivyotengenezwa kuyeyusha mafuta na protini. Ngozi ya mtoto nayo ni mafuta na protini. Ndiyo maana mkojo na choo vikikaa pamoja ni hatari kuliko kimoja peke yake, na ndiyo maana nepi yenye choo ibadilishwe saa ileile, hata kama pampasi bado inaonekana nzima.

Kwa hiyo yule mama wa pampasi moja kutwa haokoi kitu. Shilingi 1,800 za pampasi tatu anazobana leo atazitoa kesho duka la dawa. Msimlaumu lakini, amefanya hesabu aliyoweza kwa fedha aliyonayo. Kitu kimoja tu mwambieni bila kumung'unya maneno: asimpunguzie mtoto maziwa ili akojoe kidogo. Mtoto wa umri huo akikojoa chini ya mara nne kwa siku nzima, mdomo mkavu au utosi umebonyea, hiyo ni safari ya hospitali.

Kuhusu kuianika pampasi. Chaneni moja iliyotumika mtazame ndani. Kuna nyuzi laini kama pamba, na kati yake chembechembe zilizovimba zikawa jeli kama sago. Chembe hizo ndizo zinazofunga mkojo. Zikikauka juani, maji yanaondoka lakini chumvi ya mkojo inabaki, na chumvi ndiyo inayozinyima uwezo wa kunyonya. Safari ya pili pampasi hiyo itavuja mapema, huku bakteria wa jana wakiwa bado wamo. Ikifuliwa ndiyo basi kabisa, gamba la ndani linapasuka na jeli inamgandia mtoto sehemu za siri. Kitu pekee cha kuokoa kwenye pampasi iliyotumika ni kumwaga choo chooni kabla ya kuitupa. Yenyewe isitumbukizwe kwenye choo cha shimo, haiozi na inajaza shimo.

Matege hayaletwi na nepi ya aina yoyote. Miguu ya mtoto huzaliwa imepinda kidogo na kwa kawaida hunyooka anapokaribia miaka miwili. Matege ya ugonjwa mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D au kalisiamu. Na uzazi wa wavulana: pampasi huongeza joto la korodani kidogo, lakini hakuna utafiti uliothibitisha kwamba mtoto anakosa uzazi ukubwani kwa sababu hiyo. Hayo mawili yawekeni kando, yanawachosha bure.

Tuje kwenye laki nne. Kwa bei ya katoni mtapata pampasi 888. Mtoto wa miezi mitano akibadilishwa inavyotakiwa anatumia kama sita kwa siku (mchanga wa wiki mbili hufika kumi na zaidi). Watoto 12 mara sita ni 72 kwa siku. Makatoni yenu yote yameisha siku ya 12, na siku ya 13 kila mama amerudi dukani kwenye 600 moja moja, yaani 3,600 kwa siku, 108,000 kwa mwezi. Hakuna muuza mihogo anayeimudu hiyo. Marekani, ambako wana mashirika mazima yanayoitwa benki za nepi, nao wanapambana na jambo hilohilo, kwa sababu misaada mikuu ya chakula ya serikali, SNAP na WIC, hailipii nepi. Kule wana maghala na wafadhili wa kudumu. Nyinyi mna laki nne mara moja. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba sehemu kubwa iende kwenye kitambaa, na pampasi zibaki za usiku na safari.

Tengeni 300,000 kwa nepi. Ni 25,000 kwa kila mtoto. Kwa kufua kila siku, mtoto mmoja anahitaji nepi 20 na vitambaa vya kati, vya kulazwa ndani ya nepi, kama 12. Msinunue nepi nene zilizoshonwa tayari tabaka tano, hata kama zinapendeza. Masika yakianza Machi, nepi nene itakaa kambani siku mbili na itanuka ukungu. Kitambaa chepesi cha tabaka moja, unachokikunja wewe mwenyewe kikawa kinene, hukauka kwa saa chache hata jua likiwa la kuibia.

Kitambaa chenyewe kiwe pamba. Shuka za mtumba zilizochakaa ni bora kuliko kitambaa kipya, maana kipya kina wanga wa kiwandani na hakinyonyi mpaka kifuliwe mara tatu au nne. Doti ya zamani pia inafaa, ila kanga nyingi za bei rahisi siku hizi ni poliesta. Mkiwa mnadani, dondosheni tone la maji: likizama papo hapo chukueni, likibaki linang'aa juu kama shanga rudisheni. Kama bado mna shaka, chomoeni uzi mmoja muuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu; poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kipande cha futi sita kwa sita kinatoa nepi tisa za sentimita 60, bila kutupa kitu. Vipande vitatu ni nepi 27. 20 ziacheni nzima, saba zikateni nusu mpate vitambaa 14 vya kati. Mtoto aliyezidi kilo tisa atahitaji nepi za sentimita 70. Pindeni kingo zote. Siyo urembo: uzi uliochomoza unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu au uume wa mtoto, ukakata damu isipite, na mama akadhani mtoto analia tumbo. Mwenye cherehani kikundini atamaliza seti moja kwa siku.

Kukunja: nepi ikunjwe pembetatu, kitambaa cha kati kikunjwe mara tatu kwa urefu na kilazwe katikati. Wa kiume unene usogezwe mbele, wa kike katikati kwenda nyuma. Ukibana pini, vidole vyako viwe kati ya pini na tumbo, pini ilale, isisimame. Na pini ikigoma kupita, ichomeke kwanza kwenye mche wa sabuni, itateleza. Chupi ya nailoni ivaliwe safarini tu. Nyumbani inafungia joto na kurudisha ubabukaji uleule. Badala yake mtandikieni mpira chini ya shuka yake.

Kufua ndiko wengi wanakoharibu. Choo kimwagwe chooni kwanza. Nepi iloekwe maji baridi matupu kwenye ndoo yenye mfuniko, isizidi nusu siku. Maji ya moto mwanzoni hugandisha protini na doa halitoki tena. Msimwage jiki juu ya nepi yenye mkojo. Klorini ya jiki ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni mwa anayefua. Ikishasuuzwa, ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu hiyo hupaka nyuzi mafuta na nepi inaacha kunyonya. Suuzeni mpaka maji yasiwe na povu. Baadhi ya "mzio wa nepi" unaosikia mtaani ni sabuni iliyobaki.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi wana shida yao. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji hayo, inaacha utando mweupe, na baada ya wiki mbili nepi inakuwa ngumu kama dagaa mkavu. Hao watumie sabuni ya unga, na suuza ya mwisho iwe maji ya bomba au ya mvua.

Zianikwe juani, juu kambani, siyo kwenye majani wala uani kivulini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizolala chini au kivulini. Funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza kama jipu. Siku za mvua zinapokaukia ndani au barazani, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Pasi ya mkaa inatosha.

Niseme na upande wa pili. Kitambaa kinakula ndoo mbili za lita 20 kwa siku, sabuni, na karibu saa nzima ya mgongo wa mama. Anayenunua maji kwa dumu, au anayefua nguo za watu kutwa na kurudi nyumbani kufua tena, anaweza kuona mmemwongezea mzigo. Anayemwacha mtoto kwa jirani naye huambiwa waziwazi kwamba jirani hafui nepi. Kwa watu hao zile 100,000 zilizobaki ndizo zenye kazi.

Msizigawe. Zifanyeni mtaji unaozunguka. Zinatoa pampasi 222 kwa bei ya katoni. Mwanakikundi mmoja azitunze, kama kijumbe anavyotunza mchezo, awauzie mama hao moja moja kwa 470. Pampasi ya usiku tu itamgharimu mama 14,100 kwa mwezi, naye atalala. Mtaji unarudi, mnanunua tena, na ile 20 ya juu inawapa kama 4,400 kila mzunguko, inayotosha pampasi tisa za bure kwa aliyekwama kabisa. Kinachoua mpango huu ni deni: mkikopesha mara moja tu, mwezi wa pili hamna katoni. Cha pili ni saizi. Watoto wanakua, na katoni ya saizi ndogo inabaki uvunguni. Nunueni kwa kilo zilizoandikwa kwenye kadi za kliniki, si kwa umri. Zile za mafungu zisizo na pakiti zinaweza kuwa nafuu, ila zishikeni kwanza: ndani pakiwa na mabonge, au gundi ya kufungia haishiki, ziacheni.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata shilingi, nayo mnayo nyumbani. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu Wadigo wa pwani yetu, ndugu wa hao walioko Mkinga, jirani zenu. Mama wa Kidigo alianza kumzoesha mtoto kwenye wiki ya pili au ya tatu tu. Anakaa chini amenyoosha miguu, mtoto katikati ya mapaja ametazama mbele, anamtolea sauti ya "shuu" mpaka akojoe, kisha anamnyonyesha au kumbembeleza. Kwenye miezi mitano au sita watoto wengi walikuwa wakikaa wakavu mchana na usiku kwa kiasi kizuri. Madaktari wa Marekani waliokuwa wakifundisha kwamba mtoto hawezi kabla ya mwaka mmoja na nusu ilibidi wajikune kichwa.

Kwa mtoto wa miezi mitano, anzeni nyakati mbili: akiamka tu, na dakika chache baada ya kunyonya. Akikataa kwa kujinyoosha au kulia, mwacheni, mjaribu baadaye. Ratiba ya mama wa kazini haimruhusu kufika walipofika Wadigo, lakini hata akikojolea nje mara tatu kwa siku, ni nepi tatu ambazo hazikufuliwa. Waliofikisha mwaka mmoja na nusu waleteeni poti, maana tundu la choo cha shimo linawatisha. Mtafuteni bibi mmoja mtaani anayejua kazi hii aje awaonyeshe mama hao kwa mikono yake. Anaweza kuwa yuleyule bibi wa unga wa muhogo. Akipewa kazi ya heshima atauacha unga kwa urahisi zaidi kuliko akisutwa.

Kwa familia ambayo hata chakula ni shida, nepi ni dalili tu. Muulizeni mwenyekiti wa mtaa kama kuna msaada wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, unaowahusu. Na kama baba yupo lakini hatoi matunzo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana. Pa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa jiji.

Kabla ya kwenda mnadani, pitieni nyumba zote 12, wawili wawili, bila kamera na bila fulana za kikundi. Ulizeni mambo matatu: maji yanatoka wapi na kwa bei gani, mtoto anashinda kwa nani, na kadi inasema kilo ngapi. Atakayejibu kwamba maji ni ya bomba na anashinda na mwanawe apewe seti nzima ya kitambaa. Wa maji ya dumu apewe nepi kumi na nafasi ya kwanza kwenye katoni. Wa kwanza kutembelewa awe yule mwenye mtoto aliyebabuka, na mwende na tyubu ya zinki mkononi.